Kofia ya Jino Ikitoka, Itazame Ndani Kwanza

Kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachobandikwa juu ya jino lililoharibika, mara nyingi hutoa taarifa kabla haijatoka. Ya kwangu ilikuwa juu, upande wa kulia, jino la nne ukihesabu kutoka katikati. Miaka mingi nyuma jino hilo lilitibiwa mzizi, likajazwa, kisha likavishwa kofia ya kauri. Wiki kadhaa kabla haijachomoka, uzi wa meno ulianza kukwama hapo na kutoka umechambuka, tena ukiwa na harufu ambayo sehemu nyingine za kinywa hazikuwa nayo. Asubuhi niliamka na ladha mbaya upande ule. Nikiuma kwa nguvu nilihisi jino kama limezama kidogo, kisha linarudi. Maumivu hayakuwepo hata chembe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Jino lililotibiwa mzizi halina tena neva ndani yake, kwa hiyo linaweza kuoza mpaka nusu bila kukuamsha usiku hata mara moja. Ukiziona dalili hizi kwenye jino lenye kofia, usingoje liume.

Ilitoka nikitafuna peremende laini yenye kunata. Nilidhani nimeuma jiwe. Katika hali hiyo jambo la kwanza ni kuacha kutafuna, kuinamisha kichwa mbele na kutema kila kilichomo kinywani kwenye kiganja. Usianze kuongea wala kucheka, na pumzi ivute puani. Kofia ni ndogo na mate huifanya iteleze. Ukiimeza, kwa kawaida hupita tumboni na kutoka yenyewe baada ya siku chache. Ikiingia kwenye njia ya hewa ni habari nyingine kabisa. Bomba la hewa linaloelekea pafu la kulia ni pana na limesimama wima kuliko la kushoto, kwa hiyo vitu vya namna hii huishia huko mara nyingi. Mtu aliyepaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia huku kofia haionekani, asijifariji kwamba ameimeza. Aende hospitali akapigwe picha ya kifua, maana kikohozi kinaweza kutulia na kitu bado kimekaa ndani.

Yangu nilikuwa nayo mkononi, na nikataka kuifunga kwenye tishu niiweke mezani. Mke wangu akanizuia. “Mume wangu, hiyo tishu kesho utaitupa mwenyewe.” Akanipa kikopo kidogo chenye kifuniko. Baadaye daktari aliniambia kwamba kofia nyingi hupotea hivyo hivyo, kwenye tishu iliyochukuliwa na anayesafisha meza, au kwenye tundu la sinki wakati wa kuzioshea. Ukitaka kuiosha, ziba tundu la sinki kwanza au oshea juu ya bakuli.

Lakini kabla ya kuiosha, itazame. Sehemu hii nitaisema kwa kirefu, maana ndiyo iliyoniokolea jino na ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka. Tukipatwa na jambo hili sote tunauliza swali moja tu: nitairudishaje? Swali la kwa nini imetoka hatuliulizi, na majibu mengi yamo ndani ya ile kofia yenyewe na kwenye kisiki cha jino kilichobaki, kwa muda mfupi kabla hayajasuguliwa na kufunikwa tena. Jino likiwa limevikwa kofia, hata picha ya eksirei haioni vizuri kilicho chini yake, hasa kofia ikiwa ya chuma au yenye chuma ndani. Siku inapotoka ndiyo nafasi adimu ya kuliona jino kwa macho.

Chukua tochi ya simu na kioo. Tazama ndani ya kofia. Ukikuta gundi kavu imeganda ndani yake na kisiki kimebaki kisafi, kigumu, chenye rangi ya jino, huenda gundi ilishindwa kushikana na jino, labda kwa sababu siku ya kugandishwa palikuwa na unyevu, au kisiki ni kifupi mno hakina pa kushikiliwa. Ukikuta gundi imebaki kwenye jino na kofia ni tupu ndani, upo uwezekano kwamba uso wa ndani wa kofia ndio haukuandaliwa vizuri. Gundi ikiwa nyeusi, laini kama tope na yenye harufu, mate yamekuwa yakipenya kwa muda mrefu na pengine jino limeanza kuoza ukingoni. Na ukikuta kipande cha jino lenyewe, au kile kijazio cha zamani, kimebaki ndani ya kofia, basi kilichovunjika ni jino, na hakuna gundi itakayolisaidia kwa kurudisha kofia peke yake.

Kuna na hali ya tano: kofia inatoka na kijiti kirefu kama msumari mdogo. Hicho ni nguzo iliyokuwa imeingizwa kwenye mzizi. Usijaribu kukirudisha nyumbani. Nguzo ikichomoka, huenda mzizi umepata ufa, na mzizi uliopasuka kwa urefu wake mara nyingi huishia kwenye kung'olewa. Ukikisukuma kijiti kwa nguvu unaweza kuumalizia ufa ule.

Hizi ni dalili tu, na neno la mwisho ni la daktari. Ila zipige picha. Mimi nilipiga picha kadhaa za ndani ya kofia na za kisiki, na wiki kadhaa baadaye picha hizo ndizo zilizobadilisha mazungumzo.

Usiku huo nilitaka kuirudisha kofia mahali pake, na sababu yangu haikuwa ya kiafya. Mimi ni mwalimu. Jino la nne linaonekana ukicheka, na nilipojaribu kusema maneno machache mbele ya kioo, herufi ya “s” ilitoka na upepo. Niliona aibu kuliko nilivyotarajia. Mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, nimesimama chooni najifunza kutabasamu nusu. Nasema haya kwa sababu aibu hiyo ndiyo inayowasukuma watu kufanya mambo ya hatari.

Shemeji yangu aliwahi kufanya mojawapo. Kofia yake ilipotoka alichukua supa gluu ya kubandikia vyombo, akatia tone, akaibandika. Ilishika, tena ilishika sana, lakini ikiwa imekaa upande na juu kidogo ya mahali pake, kwa hiyo kila alipofunga mdomo jino lile lilitangulia kugusana na la chini. Gundi ya aina hiyo huganda haraka ikikutana na unyevu, hutoa joto inapoganda, huunguza ufizi, na mara nyingi daktari huitoa kwa taabu, kwa kuikwangua. Kofia yake haikukaa tena sawasawa baada ya kukwanguliwa. Ikabidi atengenezewe nyingine, wakati ile ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote.

Maduka ya dawa huuza gundi ya muda ya meno, ambayo nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Ikikosekana, krimu ya kushikiza meno ya bandia huweza kukusogeza siku moja au mbili. Kabla ya kutia chochote, fanya mazoezi makavu: safisha kofia kwa mswaki laini, kausha, kisha iweke kwenye jino bila gundi na ufunge mdomo taratibu. Kofia ina upande wa shavu na upande wa ulimi, na ukiigeuza haitakaa. Ikikaa na meno yako yakakutana kama kawaida, itoe, kausha jino kwa kitambaa safi, tia gundi kidogo sana ndani, irudishe, uma polepole, futa kilichozidi na upitishe uzi wa meno kando ukiuvuta kwa pembeni badala ya kuunyanyua. Ikiwa haikai, au unapoifunga inakuwa ndefu kuliko meno mengine, iache nje. Kofia iliyowekwa vibaya inaweza kulivunja jino lililobaki.

Na usilale nayo ikiwa inacheza. Mimi niliitoa kila usiku nikairudisha asubuhi, nikala kwa upande wa pili, mambo yakaenda. Kama jino lako bado lina neva yake hali itakuwa tofauti na yangu: litashtuka kwa baridi, kwa moto na hata kwa hewa, kwa sababu kisiki hakina enameli ya kukilinda. Hapo dawa za kawaida za maumivu husaidia ukifuata maelekezo ya pakiti. Ila usiweke aspirini juu ya ufizi, kwa sababu inauchoma na kuacha kidonda cheupe. Mafuta ya karafuu hutuliza kweli, lakini yatumie kidogo na umwambie daktari kwamba umeyatumia. Kiini chake, yujenoli, huweza kuzuia gundi za rezini zisigande vizuri siku ya kubandika. Baadhi ya gundi za muda zinayo pia, kwa hiyo nenda na kopo lake.

Uharaka wa kwenda kliniki si sawa kwa kila mtu, na nililijua hili baada ya kuwa na wasiwasi bure. Jino la asili likinyofoka na mzizi wake kwa pigo ni suala la dakika. Kofia iliyotoka kwenye jino lisilouma inaweza kungoja siku chache, lakini isiwe wiki nyingi. Meno hayakai kimya. Ya pembeni huanza kuegemea kwenye nafasi, la juu au la chini linalotazamana nalo husogea kulifuata, na ufizi hutambaa juu ya ukingo wa kisiki. Mwenzangu kazini aliiweka ya kwake kwenye droo kwa miezi, na alipoipeleka haikuingia tena ingawa ilikuwa nzima. Hapo anayelipa ni mwenye droo. Lakini ukiona uso umevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, au kumeza au kupumua kumekuwa kazi, usihesabu siku, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kliniki ya kwanza ilikuwa ya karibu na ilinipokea haraka. Nilikalishwa, kofia ikasafishwa, ikatiwa gundi, ikabandikwa, nikaambiwa nisile kwa upande ule kwa saa moja. Hakuna aliyepiga picha ya eksirei wala kuniuliza kofia ilitokaje. Nililipa kidogo, nikatoka nimefurahi, nikarudi darasani na “s” yangu. Sisemi kwamba kuirudisha kofia ya zamani ni kosa. Mara nyingi ndiyo tiba sahihi kabisa, na kofia nzuri iliyotoka kwa sababu gundi imechoka inaweza kurudi na kukaa miaka mingine. Gundi zenyewe hazifanani: ya zinki fosfeti, inayotumika tangu karne ya 19, hushika kwa kujaza mianya kati ya jino na kofia, wakati glasi ayonoma, iliyoletwa na wanasayansi Wilson na Kent huko London mwaka 1972, hushikana na jino kikemia na kutoa floridi taratibu. Lakini gundi yoyote iwayo, haiwezi kushika jino lililooza. Na kama chanzo hakijatafutwa, unabandika juu ya tatizo.

Haikukaa hata wiki nyingi. Safari hii ilitoka na kipande cha rangi ya kahawia kimeng'ang'ania ukingoni, na ile harufu ya uzi wa meno ikawa sasa imejaa kikopo.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo asiyependa haraka. Kabla ya kunifungua mdomo aliomba kuiona kofia, akaigeuza chini ya taa, akaniuliza ilitoka nikifanya nini, iliwahi kutoka kabla, na je, huwa nasaga meno usingizini. Nikamwonyesha zile picha za mara ya kwanza. Akazikuza kwenye simu, akaguna. “Mwalimu, hii gundi ilikuwa nyeusi tangu siku ile. Maji yalikuwa yanaingia humu.”

Akapiga picha ya eksirei, akagusagusa kisiki kwa kifaa chenye ncha. Palipokuwa pagumu kifaa kiliteleza, na palipooza kikazama. Kisha akanieleza mambo mawili ambayo natamani kila anayevishwa kofia ayasikie kabla ya siku ya kwanza. La kwanza ni urefu. Kofia hukaa kwa sababu kuta za kisiki ni ndefu na karibu zimesimama sambamba, kama kifuniko cha kalamu kinavyoshika. Gundi ni msaidizi. Kwa magego makubwa, madaktari hutaka kuta za milimita 4 hivi, na kwa meno ya mbele milimita 3. Langu upande mmoja lilikuwa limebaki fupi sana, na kuta zake zilikuwa zimechongwa kwa mteremko mkali. La pili ni ukanda wa jino zima juu ya ufizi. Kofia inatakiwa ikumbatie jino lenyewe, kwa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pote, isikalie kijazio peke yake. Bila ukanda huo nguvu yote ya kutafuna inaangukia kwenye kijazio au nguzo, na ama kofia inatoka, ama mzizi unapasuka.

Juu ya hayo, nilikuwa nasaga meno. Mke wangu alikwisha kuniambia mara nyingi, nikadhani anatania. Daktari alinionyesha kwenye kioo jinsi ncha za chonge zangu zilivyokuwa zimelala bapa. Kusaga usiku hakuoni kofia ni ya bei gani, hutikisa gundi kidogo kidogo mpaka inapata ufa, na mate yakishaingia hayatoki tena.

Akaniwekea mezani njia tatu, kila moja na sura yake. Kubandika tena ile ile, kwa gharama ndogo, akijua na mimi nikijua kwamba itatoka. Kung'oa, kisha kuamua baadaye kama ni kuacha pengo, kuweka daraja (jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani) au kipandikizi (mzizi wa bandia unaopandwa kwenye mfupa). Au kuondoa uozo wote, kushusha ufizi na mfupa kidogo kwa upasuaji mdogo ili jino zima lionekane zaidi, kukijenga kisiki upya na kutengeneza kofia mpya. Hakunificha kwamba njia ya tatu haikuwa na uhakika mpaka atakapofika mwisho wa uozo. Angekuta ufa kwenye mzizi, angesimama hapo hapo.

Fedha ndiyo iliyonifanya niombe siku ya kufikiri. Bei sitazitaja kwa kuwa kila mahali zina zake, lakini uwiano uko karibu sawa popote: kurudisha kofia ya zamani ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kofia mpya, na kofia mpya nayo hupanda ikihitaji kujengewa kisiki, nguzo au upasuaji wa ufizi. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya kofia, uliza bei ya safari nzima: picha, sindano ya ganzi, kisiki, kofia ya muda, ile ya kudumu, na marekebisho ya baadaye. Omba iandikwe. Uliza pia kama kuna dhamana, maana kliniki nyingine hurudishia bure kofia waliyoitengeneza wenyewe ikitoka ndani ya muda fulani, na mtu asipouliza haambiwi. Mimi yangu ya zamani dhamana ilikwisha kupita, ila nilipata nafuu kwa kulipa kwa awamu kufuatana na hatua za kazi. Kama una bima, ipigie kabla, kwa sababu baadhi hulipia kubandika na hazilipii kutengeneza upya mpaka miaka kadhaa ipite tangu ile ya kwanza.

Nilichagua njia ya tatu. Uozo uliishia mahali pazuri na ufa haukuonekana. Siku ya kushusha ufizi sikuumia, ganzi ilifanya kazi yake, lakini siku zilizofuata nilikuwa na nyuzi mdomoni na hasira za bure. Kupona kulitaka subira, kwa kuwa ufizi ukichukuliwa vipimo kabla haujatulia, kofia huja na ukingo usiokaa sawa. Muda huo wote nilivaa kofia ya muda, ambayo kwa makusudi hubandikwa kwa gundi dhaifu. Ilitoka, kama alivyonitahadharisha, na hapo sikuogopa tena. Nikaiweka kwenye kikopo, nikapiga simu, nikarudishiwa kesho yake.

Siku ya kubandika ile ya kudumu, nilitazama tofauti na kliniki ya kwanza. Kofia ilijaribishwa kwanza bila gundi, ikakaguliwa ukingo wote, ikapigiwa picha. Uso wake wa ndani ukapulizwa vumbi laini la oksidi ya alumini ili upate mkwaruzo. Jino likazungushiwa pamba na kukaushwa. Ikabandikwa, gundi iliyozidi ikatolewa hadi chini ya ufizi kwa uzi. Mwisho ikaja karatasi ya rangi ya kuuma, inayoacha alama pale meno yanapogusana. Hapa nina neno la msisitizo: ukiwa umepigwa ganzi huwezi kujua vizuri kama kofia ni ndefu, na kwa adabu zetu tunasema “iko sawa, daktari” ili tumwachie kiti mwingine. Uma, saga kushoto na kulia, uma tena. Ganzi ikiisha nyumbani na ukahisi jino lile linatangulia kugusa, rudi. Kupunguza kofia kwa unywele mmoja ni kazi ya dakika chache, na kuiacha ndefu ni kuipiga nyundo kila mlo mpaka ilegee au jino liume. Mimi nilirudi, wala hakukunja uso.

Akanitengenezea na kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Siipendi. Inanifanya nitoe udenda kama mtoto, na wiki za kwanza niliikuta sakafuni asubuhi. Lakini sasa ina alama za meno zilizozama kweli kweli, na kila nikiziona nafahamu zilikuwa zikienda wapi zamani.

Nina jambo moja la mwisho kwa wenye daraja la meno, maana upande wangu wa kushoto chini ninalo, la meno matatu: mawili ya pembeni yamevishwa kofia na la katikati linaelea juu ya pengo. Daraja ni hatari zaidi kuliko kofia moja kwa sababu likilegea mguu mmoja halidondoki. Mguu wa pili unalishikilia, wewe unaendelea kula, na chini ya mguu uliolegea mate na uchafu vinaingia na kutoka kila unapotafuna. Nilimwomba yule mama alikague. Akalilowesha kwa maji, akalisukuma juu na chini kwa kidole na kifaa, huku akitazama ukingo. Kwenye mguu wa nyuma vikatoka viputo vidogo vya mate. “Umeona? Hapa hapajashika.”

Vipandikizi navyo vina tabia yao. Kofia ya kipandikizi ikicheza, mara nyingi ni skrubu iliyolegea, na hiyo haitaki gundi ya aina yoyote kutoka nyumbani. Acha kutafunia upande huo na uende ikakazwe kabla skrubu haijakatika ndani.

Kuhusu daraja langu tumekubaliana likatwe kati ya mguu mzima na lile jino la katikati, ili gego la nyuma lifunguliwe na kutazamwa, na mguu uliobaki uendelee kama kofia ya kawaida. Kama gego lile limeoza sana, nitabaki na pengo la meno mawili na hesabu nyingine ya fedha. Kama ni zima, atalivisha kofia yake peke yake, kisha tutafikiria pengo. Nimekwisha kumwomba kipande atakachokitoa asikitupe kabla sijakipiga picha ndani.